Adongo na Pikipiki ya Sabini na Tano

Mtu wa kwanza kumpongeza Dorca Adongo asubuhi ile alikuwa mama muuza dagaa wa omena wa upande wa pili wa barabara, pale Otonglo. Alivuka lami akiwa ameinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao, akicheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Byron! Kumbe wewe ni moto hivi? Nimekuona kwenye video umepanda pikipiki, umetangulia msafara wa bibi harusi, magari yote nyuma yako! Halafu leo unakuja kuuza chakula cha kuku kama hakuna kitu!"

Adongo alikuwa ameinamia gunia la pumba. Hakuhitaji kuiona hiyo video.

"Huyo si mimi," alisema. "Huyo ni Apiyo."

"Apiyo gani?"

"Pacha wangu. Wa Maseno."

Yule mama alitazama simu, akamtazama Adongo, akatazama simu tena. "Ai! Lakini ni wewe," alisema, na furaha yake ikazimika, kana kwamba Adongo ndiye aliyemdanganya.

Mambo yaliendelea hivyo hadi mchana. Vijana wa bodaboda walimpigia honi. Mke wa pasta alisimamisha gari, akateremsha kioo, akamwambia amewapa wanawake wa Kisumu heshima. Mteja wake wa Kisian alitaka wapige picha pamoja. Kila mmoja alikuja na sifa zake mkononi, na kila mmoja alipoambiwa ukweli alirudi nazo.

Watu walipokwenda kula, Adongo aliketi nyuma ya magunia, akaitazama video peke yake. Apiyo alikuwa amevaa kitenge cha njano, kilemba kimesimama kama jogoo. Mgongo ulikuwa wima. Chini yake ilinguruma Yamaha ya Baba, ile ndogo ya kupitia njia za mashambani, tangi lake la buluu limepauka, moshi mweupe ukiwaogesha wapambe. Watu walipiga vigelegele. Apiyo aliinua mkono mmoja kuwasalimu, na pikipiki haikuyumba.

Adongo aliitazama mara ya pili. Halafu ya tatu. Kijiba cha roho kilimkaa kifuani kama tonge la ugali lililoshuka vibaya.

Kwa Wajaluo jina la pacha halitafutwi. Msichana aliyetangulia ni Apiyo, aliyemfuata ni Adongo, mambo yameisha. Mama yao alizoea kusema kwamba waliachana kwa muda wa kuchemsha chai, lakini chai hiyo Adongo aliinywa maisha yake yote. Apiyo ndiye aliyeshonewa sare mpya, Adongo akavaa iliyopunguzwa kiuno. Nafasi ya chuo cha ualimu ilipopatikana moja, hakuna aliyeuliza ni ya nani. Apiyo akawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha mwalimu mkuu mstaafu anayeitwa kwenye kila mkutano Maseno aseme maneno machache. Adongo akaolewa na Frankline, mtu mpole aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, akafungua duka la chakula cha kuku, likamlea yeye na wanawe. Halikuwa jambo dogo hilo. Lakini hakuna anayepiga vigelegele kwa ajili ya pumba.

Yote hayo alikuwa ameyameza. Kilichomkwama kooni ni pikipiki.

Baba yao, Mzee Enos, alikuwa msaidizi wa afisa wa mifugo. Mwaka wa sabini na nane serikali ilimpa ile Yamaha azungukie majosho na kuchanja ng'ombe, kuanzia Seme hadi Asembo, na siku nyingine hadi Luanda Kotieno kwenye ukingo wa ziwa. Kila Jumamosi alimpakia Apiyo nyuma. Adongo alikuwa na kazi yake pia: kufungua lango. Alilivuta lile lango la miti, akasimama kando, na baba yake akimpita alimwambia, "Kesho, Adongo." Kesho ilikuwa Jumapili, siku ya kanisa.

Jioni Apiyo alirudi nywele zikinuka petroli na vumbi, akasimulia. Alisimulia viboko, akasimulia mitumbwi iliyopakwa rangi mpya, akasimulia pahali fulani ambapo njia inapinda na maji yanatokea yote kwa mara moja. Adongo alilijua ziwa la upande wa Asembo kwa mdomo wa dada yake kabla ya kuliona kwa macho. Alipoliona, akiwa mtu mzima, alikuta ni kama chakula alichokitafuna mwingine.

Baba alimfundisha Apiyo kuendesha. Mzee alipostaafu akauziwa ile pikipiki, na alipofariki, wazee wa ukoo walikaa wakagawa. Ami yao mmoja alisema pikipiki apewe Apiyo kwa sababu ndiye aliyeizoea. Adongo alipewa redio, na redio yenyewe ilishika stesheni moja.

Jioni ya siku ile ya video, Frankline akiwa anakagua vifaranga nyuma ya nyumba, Adongo alimwambia, "Nanunua pikipiki."

"Vizuri," Frankline alisema. "Hii yetu imechoka. Kuna zile mpya za Kihindi, vipuri viko kila mahali."

"Nataka Yamaha ya zamani. Kama ya Baba."

Frankline alimweka chini kifaranga aliyekuwa mkononi mwake. Yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kuendesha, kwenye uwanja wa shule, miaka wanao walipokuwa wadogo. Alimjua.

"Adongo, unanunua pikipiki au unamnunua Apiyo?"

Adongo alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake kichwani, na haikuwa hesabu ya shilingi. Ya Apiyo ilikuwa ya sabini na nane. Akipata ya kabla ya hapo, hata kwa mwaka mmoja, basi kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe kitu chake kitakuwa kimetangulia.

Mtu wa kuuliza mambo hayo Kisumu alikuwa Shakir, fundi mwenye karakana karibu na soko la Kibuye. Babu yake alikuja na reli kutoka pwani, akaoa huku, akazikwa huku, na Shakir alizungumza Kijaluo kama mtu wa Nyakach. Pikipiki za zamani zilikuwa ugonjwa wake. Alimketisha Adongo kwenye kiti cha plastiki, akamsikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Mama Byron, umekuja siku yako. Nina moja hapa hapa, na najua nyingine iko Awasi. Lakini si kitu kimoja. Hii yangu ni ya themanini na tatu. Ya Awasi ni ya sabini na tano."

"Tofauti ni nini?"

Shakir alifurahi kuulizwa. Alimpeleka kwenye kona, akavuta turubai. Pikipiki nyeupe ilisimama pale, kiti chekundu, ndefu kidogo kuliko alivyotarajia.

"Tazama nyuma. Unaona shoki? Huioni. Ni moja tu, kubwa, imelala chini ya kiti. Walibadilisha mwishoni mwa miaka ya sabini. Ukipita kwenye shimo, shimo linabaki chini, halikufuati mgongoni. Za zamani zina shoki mbili fupi, moja kila upande, na kila jiwe utalijua kwa jina. Halafu moto wa plagi. Hii inatoa moto kwa umeme wa kisanduku, hakuna kurekebisha. Ile ya sabini na tano ina platini, vile vidude vidogo vinavyogusana na kuachana. Vikichafuka au vikikaa vibaya, unasukuma."

"Ya Baba ilikuwa na shoki mbili," Adongo alisema.

Shakir alikunja uso. "Ya mwaka gani?"

"Sabini na nane. Ilikuja nikiwepo. Niliifungulia lango."

"Shoki mbili, sabini na nane…" Fundi alianza kusema jambo, lakini Adongo alikuwa amekwisha kugeuka.

"Nataka kuona ya Awasi."

"Mama, kwa kazi yako ya kupeleka chakula cha kuku huko Ojola na kule milimani, mimi nakwambia kama mtoto wako, chukua hii."

Adongo alimtazama. Ilikuwa pikipiki yake mwenyewe, atakosaje kuisifu? "Twende Awasi kwanza," alisema.

Walikwenda na pikapu ya Shakir. Mwenye pikipiki aliitwa Bwana Wechuli, mstaafu wa kiwanda cha sukari, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Aliitoa chini ya ghala la mahindi. Tangi lilikuwa limepakwa rangi ya kijani kwa brashi ya ukuta, alama za nywele za brashi zikionekana. Kiti kilikuwa kimeliwa na panya upande mmoja.

"Mama, hii ilinipeleka kwa mke wangu nikiwa natongoza," Wechuli alisema. "Leo ananiambia niiondoe, kuku wanalala juu yake."

Shakir alipiga magoti, akasugua shingo ya fremu chini ya usukani kwa kitambaa chenye petroli. Namba zilitokea polepole kwenye chuma. Alimwita Adongo, akamwonyesha kwa kidole.

"Hizi tatu za mwanzo ni aina. Zikifanana, ni mali ya familia moja. Hizi zinazofuata ni foleni yao, jinsi zilivyotoka kiwandani. Iliyo na namba ndogo imezaliwa kwanza. Hii ni ya sabini na tano kweli, hatudanganywi. Namba haina kinywa cha kusema uongo."

Adongo aliinama, akapitisha kidole juu ya zile namba. Zilikuwa na ncha kali kidogo. Alizikariri hapo hapo, kama mtoto anayekariri mstari wa Biblia.

Kuiwasha ilikuwa kazi. Wechuli alipiga kiki akachoka, Shakir akapiga, akafungua plagi akaifuta, akapiga tena. Ilipowaka ilikohoa kama mvutaji tumbaku. Adongo aliizungusha kwenye njia ya shamba la miwa. Ilimtikisa meno. Breki ya mbele ilikuwa ya kuomba Mungu. Moshi ulimrudia usoni, na harufu ile, petroli na oili iliyoungua, ilikuwa harufu ya nywele za Apiyo Jumamosi jioni. Alirudi macho yamemlowa, akasema ni vumbi.

Walipofika Ahero, njiani kurudi Kisumu, Shakir alimgeukia.

"Mama, niulize kitu? Umeziona zote. Ile nyeupe inawaka kwa kiki moja. Kwa nini unataka hii?"

"Kwa sababu ni kubwa yake kwa miaka mitatu."

"Kubwa ya nani? Yangu ni ya themanini na tatu, hiyo ni minane."

"Si yako," Adongo alisema, akatazama mashamba ya mpunga hadi Shakir alipokata tamaa ya kuuliza.

Ile ya sabini na tano ilikaa karakana muda mrefu. Shakir alibadilisha ringi za pistoni, akatafuta platini hadi Nakuru, akashona kiti upya. Adongo alikwenda kila alipofunga duka. Alikwangua ile rangi ya kijani mwenyewe, akachagua nyekundu, nyekundu ya kelele, kwa sababu buluu ya Apiyo ilikuwa imepauka. Usiku alipolala aliona uso wa dada yake ukiitazama. Mara aliuona umeduwaa, mara umenuna. Alipenda zaidi ulionuna. Frankline alisema jambo moja tu katika wiki zile zote: "Kutangulia si kufika, mama." Adongo alijibu kwamba hayo husemwa na waliotangulia.

Jumapili aliyoichagua, alitoka kanisani kabla ya matangazo, akavaa gauni lake la kijani na viatu vya raba, akashika barabara ya Busia. Hadi Kisian mambo yalikuwa matamu. Ziwa lilikuwa kushoto kwake, upepo kifuani, na watu kando ya njia walimpungia mkono. Safari hii alikuwa yeye kweli, naye akawapungia.

Mlima ulipoanza, pikipiki ikaanza kusali. Ilipoteza nguvu, ikatoa mlio kama mtu anayepiga chafya, ikanyamaza. Adongo aliisukuma kando, akafungua kile kifuniko alichofundishwa, akasafisha platini kwa pindo la gauni. Ikawaka. Karibu na Lela ikanyamaza tena. Malori yalimpita yakimrushia joto. Alipiga kiki hadi kifundo cha mguu kikamuuma, akailaani, akaibembeleza, akailaani tena kwa Kijaluo, ikawaka. Aliingia boma la dada yake Maseno gauni lina oili hadi kiunoni na kilemba kimeanguka mabegani.

Apiyo alikuwa ameketi barazani akichambua maharage. Alisimama, na ungo ukabaki mkononi.

"Adongo! Nini hiyo?"

"Huoni? Yamaha. Kama ya Baba." Alizima injini haraka kabla haijajizima. "Ila hii ni ya sabini na tano."

Alingoja. Alikuwa amelisema jambo alilolibeba wiki zile zote, amelisema polepole kama alivyojizoeza. Apiyo aliweka ungo chini, akaizunguka ile pikipiki nyekundu, akagusa tangi.

"Sabini na tano. Sawa," alisema. "Na ya Baba ni ya mwaka gani kwani?"

Adongo alihisi damu ikimpanda. Hakujua! Miaka yote hiyo amekaa juu yake, amepigiwa vigelegele juu yake, na hakujua.

"Sabini na nane! Ilikuja sabini na nane."

"Hiyo nayo najua. Nauliza ilitengenezwa lini. Baba alikuwa akisema ililala stoo ya serikali hadi matairi yakapasuka, ndiyo akapewa yeye kwa sababu wakubwa hawakuitaka. Hukumsikia?"

Hakumsikia. Hayo yalisemwa njiani, kwenye zile Jumamosi.

Yamaha ya Baba ilikuwa imeegeshwa ubavuni mwa nyumba. Adongo aliiendea kwa hatua za haraka. Shoki mbili, moja kila upande, kama alivyozijua siku zote. Alipiga magoti, akatemea kitambaa mate, akasugua shingo ya fremu chini ya usukani. Vumbi lilitoka, grisi ya miaka ikatoka, namba zikajitokeza. Tatu za mwanzo zilikuwa zile zile. Alisoma zilizofuata. Alizisoma kwa sauti ya chini, kisha akazisoma za kwake alizozikariri, kisha akarudia. Hazikupishana sana. Zilikuwa kama watu wawili waliosimama karibu kwenye foleni moja. Lakini ya Baba ilikuwa ndogo.

Akaketi chini, pale pale kwenye mchanga.

"Inasema nini?" Apiyo aliuliza kutoka nyuma.

Angeweza kusema lolote. Dada yake hakujua kuzisoma namba zile, na hakuna mtu mwingine pale aliyejua. Maneno yalimjia hadi ulimini: yangu ndiyo kubwa. Yalikuwa matamu hata kabla ya kutamkwa. Aliyashika mdomoni kitambo, akaona kwamba akiyasema atalazimika kuishi nayo, na kila atakapoiona ile namba atajua.

"Yako ndiyo iliyotangulia," alisema.

Apiyo alicheka. Alicheka kwa sauti ile ya mwalimu mkuu, kichwa nyuma, kisha akauona uso wa pacha wake, kicheko kikamkauka. Alikunja kitenge, akaketi naye mchangani, magoti yakilia.

"Nyaminwa, dada yangu, hii ndiyo sababu umepanda mlima na chuma hiki?"

Adongo alipangusa grisi kidoleni.

"Unajua kwa nini Baba alikuwa ananichukua mimi?"

"Kwa sababu alikupenda."

"Kwa sababu nilikuwa napiga kelele! Akiniacha nilikuwa nalia hadi kuku wanatoroka. Wewe ulifungua lango ukanyamaza. Mama alikuwa akimwambia, mchukue huyo anayelia, huyu mwingine hana shida."

"Nilikuwa na shida," Adongo alisema.

"Hukusema."

"Ningesema kwa nani? Ulikuwa unapiga kelele wewe."

Mbuzi alikuja akanusa gauni lenye oili akaenda zake. Apiyo alivuta mchanga kwa kidole, na aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Na unadhani ilikuwa matembezi? Nilikuwa nashika ng'ombe masikio, dawa ya josho inanirukia machoni. Narudi jioni nakuta wewe na Mama mmekaa jikoni, mmecheka jambo hadi likaisha. Nikiuliza mnacheka nini, Mama anasema, ah, ungekuwepo. Kila Jumamosi, Adongo. Hadi leo sijui mlikuwa mnacheka nini."

"Tulikuwa tunakuwekea samaki."

"Mkia! Kichwa mlikula nyinyi wawili."

Hilo lilikuwa kweli. Adongo alijikuta akitabasamu bila kutaka. Kichwa cha samaki Mama alikuwa akimgawia yeye, shavu moja yeye, shavu jingine Mama, na walifanya hivyo kwa siri kama wezi.

Hakuyaamini yote aliyoambiwa siku ile. Mtu aliyebeba mzigo miaka mingi hautui kwa kuwa mwenzake amesema wangu nao ni mzito. Waliposhiba na kunywa chai, Apiyo alijitolea kumsindikiza hadi Kisian, akaipiga kiki moja tu ile ya Baba ikawaka, na Adongo aliyekuwa kwenye kiki ya tano akaumia upya. Lakini waliteremka mlima pamoja, nyekundu na buluu, na watoto wa Lela walikimbia kando ya barabara wakipiga kelele kwamba wameona mtu mmoja mara mbili.

Jumatano Adongo alifunga duka mapema akaenda Kibuye.

"Shakir, ile nyeupe bado ipo?"

"Ipo, mama. Kwani ya sabini na tano imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Ni nzuri. Mpe mtu wa kuipenda." Alivuta pumzi. "Nataka ile ya themanini na tatu. Kwa sababu ya njia ya Ojola."

Fundi alikuwa na haki ya kumwambia nilikwambia, na pengine mtu mwingine angeitumia haki hiyo. Yeye alivuta turubai. Walipatana bila kuvutana, na siku iliyofuata Adongo alipeleka magunia mawili ya chakula cha kuku kwa mteja wa mlimani, njia ambayo mvua ilikuwa imeichimba kama kaburi. Mashimo yalibaki chini. Mgongo wake haukusema neno. Alipofika juu alisimama, ingawa hakuwa na sababu ya kusimama, akatazama ziwa lote lililotandazwa chini yake hadi Uyoma. Hakuna aliyekuwa amemsimulia habari za pahali hapo.

Mwezi haukupita Apiyo akaja Otonglo kumtembelea, amevaa kofia ya pikipiki, miwani ya jua juu yake. Alikuta ile nyeupe imeegeshwa chini ya paa la mabati. Aliizunguka mara moja. Akainama kutafuta shoki, hakuziona. Akaizunguka tena, akakibonyeza kiti kwa kiganja, kikashuka na kupanda.

"Hii inaruka mashimo?"

"Inayameza," Adongo alisema.

"Platini?"

"Haina."

Apiyo alitazama upande ilikokuwa Yamaha ya Baba, ikidondosha oili kidogo kidogo kwenye changarawe. Usoni mwake kilipita kitu ambacho Adongo alikifahamu kwa karibu sana, kwa maana alikuwa amekaa nacho tangu utotoni. Kukiona kwenye uso uliofanana na wake kulimshtua, na pia, Mungu amsamehe, kulimpendeza.

"Nipe nijaribu," Apiyo alisema.

"Ngoja nimalize chai."

Chai ilikuwa imebaki kidogo tu kikombeni. Adongo aliinywa polepole, akakisuuza kikombe, akakifuta, akakining'iniza mahali pake. Ndipo akampa ufunguo.

Apiyo aliiendesha hadi kwenye kituo cha mafuta na kurudi. Aliiendesha vizuri kuliko yeye, mgongo wima, mkono mmoja umeinuliwa kuwasalimu watu wa soko, na Adongo aliyesimama mlangoni alilihisi lile tonge likijigeuza kifuani. Aliporudi, Apiyo alivua kofia akiwa anahema kwa furaha.

"Laini kama kitanda! Hebu niambie, huyo Shakir wako hana nyingine?"

"Hana," Adongo alisema, ingawa hakuwa amewahi kumuuliza.